Kizuri Chajiuza, Lakini Sharti Kionekane

Wahenga wametuachia msemo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni msemo wa hekima, na sisi tuliozaliwa visiwani tumekua nao. Lakini kila nipitapo katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, na kila nishukapo Mkoani nikapanda gari ya kwenda Chake Chake na Wete, hukuta vitu vizuri ambavyo havikujiuza. Hukuta sabuni za mwani zimepangwa juu ya kabati ya ukumbini, zikiingia vumbi. Hukuta mikoba ya ukili, iliyosukwa na mkono usiokosea, imetundikwa ukutani tangu Ramadhani iliyopita. Hukuta asali safi ya Pemba imetiwa ndani ya chupa kuukuu ya maji, ikimngojea mnunuzi ambaye hana habari kwamba ipo.

Je, wahenga walikosea? La, hawakukosea. Wao walisema hayo katika zama ambazo muuzaji na mnunuzi walikaa mtaa mmoja, wakasali msikiti mmoja na kuteka maji kisima kimoja. Katika hali ile kitu kizuri hakikuhitaji kupigiwa mbiu, kwani kila mtu alikiona kwa macho yake. Leo mnunuzi yuko mbali. Huenda yumo katika hoteli iliyo hatua mia mbili tu kutoka nyumbani kwa muuzaji, na juu ya hayo akawa mbali naye kuliko Maskati. Kwa hiyo yatupasa sisi wa leo kuukamilisha msemo huo tulioachiwa: kizuri chajiuza, lakini sharti kionekane.

Jambo hili si dogo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika Zanzibar. Hawawezi wote kuajiriwa Serikalini, wala hoteli haziwezi kuwachukua wote. Walio wengi hapana budi waishi kwa kazi ya mikono yao na kwa biashara ndogo ndogo. Kwa upande mwingine, mwaka 2023 visiwa vyetu vilipokea wageni zaidi ya 600,000. Wageni hao walikula, wakaoga, wakanunua zawadi za kuwapelekea watu wao. Tujiulize bila ya kuoneana haya: katika sabuni walizoogea, ni ngapi zilizotengenezwa Paje, au Kidoti, au Wete?

KIKAO CHA MWAKA 2023

Naomba nianze kwa kujikosoa mwenyewe. Mwaka 2023 nilialikwa katika kikao cha mafunzo ya wajasiriamali wadogo, kilichofanyika katika skuli ya kijiji kimoja cha pwani. Walihudhuria akina mama wapatao thelathini, wengi wao wakulima wa mwani na watengenezaji wa sabuni. Mkufunzi alitoka mjini na mashine ya kuonesha picha ukutani. Kwa muda wa saa mbili alizungumza juu ya mikakati, mnyororo wa thamani, mgawanyo wa makundi ya soko na mambo mengine mengi ambayo majina yake aliyataja kwa lugha za watu. Akina mama walimsikiliza kwa utulivu, kama ilivyo desturi yetu ya kumheshimu mgeni.

Mwishoni bi mkubwa mmoja aliinua mkono. Akasema: “Mwanangu, nimekusikiliza kwa adabu zote. Mimi ndani mwangu mna sabuni mia na ishirini. Basi niambie nizipeleke wapi.”

Mkufunzi alijibu kwamba suala hilo litazungumzwa katika awamu ya tatu ya mafunzo. Awamu ya tatu haikufanyika. Nami nilikuwa miongoni mwa waliokaa meza ya mbele, nikanywa maji ya chupa, nikapiga makofi pamoja na wenzangu, na sikusema neno. Makala haya ni jawabu nililopaswa kulitoa siku ile.

KWA NINI HATUKUJIFUNZA KUUZA

Kabla ya kumlaumu mama yule au mkufunzi yule, tutazame tulikotoka. Kwa vizazi vingi zao kubwa la visiwa hivi limekuwa karafuu. Mkulima huchuma, huanika, hupeleka kituoni kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, hupimiwa na hulipwa. Bei hutangazwa, na kila mtu huijua. Utaratibu huo una faida zake, na sikusudii kuutia ila. Nasema tu kwamba mkulima wa karafuu hakulazimika hata siku moja kumtafuta mnunuzi.

Kisha ukaja mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989 kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, na wakulima wake wengi ni wanawake. Kwa kawaida kampuni inunuayo humpa mkulima kamba na vifaa, naye humuuzia mwani mkavu kwa bei anayoambiwa. Mwani hufungwa, ukapelekwa ng’ambo, na huko hutolewa kitu cha kuzitisha vyakula, dawa ya meno na vipodozi. Hapa pia mnunuzi alikuwa mlangoni tayari. Mama wa mwani alijifunza kupanda, kuvuna na kuanika. Kuuza hakufundishwa, kwa sababu palikuwa hapana haja.

Haja ilikuja baadaye. Maji ya bahari yalizidi joto, na ile aina ya mwani yenye bei nzuri, iitwayo cottonii, ikawa inakufa katika sehemu nyingi za maji mafupi. Ikabaki aina ya spinosum, ambayo hustahimili zaidi lakini bei yake ni ndogo. Hapo ndipo akina mama, wakisaidiwa na watafiti kama Dakta Flower Msuya, walipoanza kusaga mwani na kuutia katika sabuni, mafuta ya kujipaka na vyakula. Kutengeneza wakajua. Lakini sabuni haina kampuni inayosubiri na mizani. Kwa mara ya kwanza mama yule alijikuta yeye ndiye mkulima, ndiye kiwanda na ndiye dukani. Basi tusistaajabu akiuliza: nizipeleke wapi?

MASWALI MATANO

Kuuza si elimu ya siri. Bibi zetu waliouza vitumbua barazani waliijua, ingawa hawakuiita kwa jina lolote. Ukiivua mavazi yake ya kigeni, hubaki maswali matano tu, idadi ya vidole vya mkono mmoja. Nani atanunua? Anataka nini? Kwa bei gani? Atajuaje, na atakipata wapi? Na la mwisho: atarudi?

Swali la kwanza ni nani atanunua. Wengi wetu tukiulizwa hujibu: “Yeyote mwenye pesa.” Hilo si jawabu. Anayeuza kwa kila mtu hamuuzii mtu. Sabuni ya mwani yaweza kununuliwa na jirani, na mwenye duka la mtaani, na mwenye nyumba ya wageni, na mgeni mwenyewe aendaye zake. Hao ni watu wanne, na kila mmoja ana haja yake. Muuzaji na achague mmoja wa kuanza naye, amwendee, amuulize.

Kutomjua mnunuzi kumewahi kutugharimu sisi sote. Kwa miongo kadhaa Indonesia ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu. Wao hawakuzitumia katika pilau. Walizitia katika sigara zao ziitwazo kretek. Katika miaka ya 1970 wakapanda mikarafuu kwa wingi katika visiwa vyao, na ilipofika miaka ya 1980 walikuwa wanakaribia kujitosheleza. Aliyekuwa mnunuzi wetu mkuu akawa mkulima mwenzetu. Bei ikaanguka, na Pemba nzima ikaonja uchungu wake. Karafuu yetu haikupungua ubora hata chembe. Ilikuwa nzuri vile vile. Lakini tulikuwa tumemtegemea mnunuzi mmoja, naye akajitosheleza. Kama taifa lilipata kuumia hivyo, mwenye sabuni mia na ishirini asidhani atasalimika.

Swali la pili ni anataka nini. Jirani anataka mche mkubwa wa kufulia wenye povu jingi. Mgeni wa ng’ambo anataka kipande kidogo kisichomzidishia uzito wa mzigo, kilichofungwa karatasi safi, kilichoandikwa kimetengenezwa kwa nini, wapi na lini. Mwenye nyumba ya wageni hataki uzuri wa siku moja. Anataka vipande arobaini kila Jumatatu, vya ukubwa mmoja na harufu moja, pasipo kukosa. Mwenye duka anataka kitu kisichoyeyuka kwa joto la rafu yake. Sabuni ni ile ile, lakini umbo, karatasi na wakati ni tofauti. Mwenye asali naye aelewe kwamba chupa kuukuu ya maji humwambia mnunuzi kuwa ndani mna kitu ambacho mwenyewe hakukithamini. Chupa safi ya kioo yenye karatasi iliyoandikwa vizuri huongeza gharama kidogo, na heshima nyingi.

Swali la tatu ni bei, na hapa ndipo wengi wanapozama. Tuchukue mfano wa kukisia. Mama mmoja anatengeneza vipande 40 vya sabuni. Mafuta ya nazi ni shilingi 24,000. Magadi ya kostiki 6,000. Mwani uliosagwa 3,000. Mafuta ya makonyo 3,000. Karatasi na kamba za kufungia 4,000. Nauli ya daladala 4,000. Jumla ni shilingi 44,000. Ukigawa kwa vipande 40, kila kipande kimemgharimu shilingi 1,100. Mama huyu anauza kipande kwa shilingi 1,000. Ukimuuliza kwa nini, atasema: “Fulani naye anauza elfu moja.” Vikiisha vyote ana shilingi 40,000 mkononi, na kwa kuwa ni pesa nyingi kwa mpigo mmoja, hudhani amepata. Kumbe amepoteza 4,000, na hapo hatujahesabu jasho lake.

Sasa tulihesabu na jasho. Amefanya kazi siku mbili. Tuseme siku moja ni shilingi 10,000. Gharama inakuwa 64,000, yaani 1,600 kwa kipande. Akiuza kwa 2,000 amejilipa ujira na amebakiwa na faida ya 16,000. Lakini jirani hatatoa 2,000 kwa sabuni ya kuogea! Naam, na ndiyo maana swali la kwanza lilitangulia. Bei ya 2,000 humtaka mnunuzi mwingine, na mnunuzi mwingine hutaka karatasi nyingine. Maswali haya hufuatana kama vidole. Ukikata kimoja mkono haushiki.

Hesabu hii haihitaji mashine. Inahitaji daftari la kurasa chache na kalamu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kama mama hajui kuandika, yupo mwanawe anayesoma darasa la tano. Na amwandikie kila jioni, liwe somo lake la hesabu.

Swali la nne ni atajuaje, na atakipata wapi. Zamani mwenye bidhaa alikwenda Marikiti Kuu ya Darajani, ambayo jengo lake limesimama tangu mwaka 1904, na kukaa pale kulitosha kuwa tangazo. Marikiti bado ina kazi yake. Lakini leo wengi wetu tuna simu za mkononi, na simu ni mbiu. Anayetaka kuitumia na afanye mambo manne tu. Apige picha mchana, nje, juu ya kitu safi. Aandike bei. Aandike mahali alipo. Ajibu anapoulizwa. Wapo wanaoweka picha nzuri, kisha anayeuliza bei huambiwa aulize faraghani. Mnunuzi hudhani kuna hila, akaenda zake. Anayeficha bei ameifunga milango ya duka lake mchana kweupe.

Katika swali hili la nne pana jambo ambalo mtu peke yake hataliweza. Mwenye hoteli hataki kuzungumza na akina mama thelathini, kila mmoja na sabuni zake nne. Anataka mtu mmoja, hati moja ya malipo na mzigo uliotimia. Hapo ndipo ushirika unapokuwa dawa; na simaanishi ushirika wa kwenye karatasi, wenye muhuri na mwenyekiti pasipo kazi. Namaanisha akina mama sita waliokubaliana kipimo kimoja, harufu moja, jina moja na bei moja, wakamchagua mwenzao mmoja mwenye ulimi mzuri na mkono safi akawa ndiye anayekwenda hotelini. Na wa Pemba, ambaye kati yake na soko kubwa pana bahari, ana haja zaidi ya hayo: nauli ya meli kwa kifurushi kimoja humla, bali kwa mzigo wa watu sita hubebeka.

Swali la tano ni atarudi. Anayenunua mara moja ni mpita njia; anayerudi ndiye soko. Sisi tuliokaa chuoni mbele ya mwalimu kabla ya kukaa skuli tulifundishwa mapema kwamba kupunja kipimo ni dhambi kubwa, wala si ujanja. Wazee wetu walipima kwa pishi na kibaba, na ilikuwa aibu ya ukoo mzima mtu kusemwa kuwa pishi yake haijai. Mafunzo hayo ndiyo mtaji wa kwanza wa mfanyabiashara mdogo, na hakuna benki inayoukopesha. Asali isiyotiwa sukari, sabuni isiyopungua uzito, ahadi ya Jumatatu inayotimizwa Jumatatu: hayo ni matangazo yanayotembea kwa miguu ya wateja wenyewe. Kinyume chake pia ni kweli. Muuzaji mmoja akimpunja mgeni, mgeni husema “Zanzibar wamenipunja”, na sisi sote tukawa tumeingia katika hesabu ya mtu mmoja.

NILIPORUDI KIJIJINI

Baada ya miezi kadhaa nilirudi kwa yule bi mkubwa. Nilimkuta barazani kwake akisuka ukili. Nikamwomba radhi, kisha tukahesabu vidole. Tulichukua daftari la mjukuu wake tukaandika gharama. Aliponiona najumlisha, alinyamaza kitambo, akasema: “Kumbe miaka mitatu nimekuwa nikiwapa watu sadaka nisiyoinuia.”

Alianza na mtu mmoja: mwenye nyumba ndogo ya wageni katika kijiji chao, mtu anayemjua tangu alipokuwa mtoto, na ambaye hakuwahi kumwendea hata siku moja, kwa kuona haya. Yule bwana aliomba vipande vidogo zaidi. Bi mkubwa akavikata sabuni zake vipande viwili viwili, akavifunga kwa karatasi na uzi wa ukili. Mwezi wa kwanza akachukuliwa vya sabuni thelathini. Mwezi wa pili akamleta na jirani yake, kwani peke yake hakutosheleza. Siwezi kumdanganya msomaji nikasema amekuwa tajiri. Nilipoondoka mara ya mwisho sabuni za zamani zipatazo hamsini zilikuwa bado kabatini. Lakini alikuwa na mtu anayerudi, na alijua kila kipande kimemgharimu kiasi gani.

Kisha akaniuliza swali la pili lililonishinda. Hoteli moja kubwa ilikuwa tayari kununua, ikamtaka karatasi za usajili na uthibitisho wa ubora. “Naanzia ofisi gani?” Nikamwambia nitamuulizia. Nilikwenda katika ofisi nne. Watumishi walinipokea vizuri, kila mmoja akanieleza sehemu yake, na hapana hata mmoja aliyeweza kunieleza njia nzima tangu mwanzo hadi mwisho. Ikiwa mimi, niliyezoea kupanda ngazi za ofisi, nilizunguka siku mbili, mama yule angezunguka siku ngapi, na nauli angeitoa wapi?

KWA WENZETU WATUMISHI

Hapa nageuza uso wangu kwa wenzangu watumishi wa Serikali na viongozi wa Chama, nikijihesabu miongoni mwao. Tumesema sana juu ya uchumi wa buluu na uwezeshaji wa wananchi. Maneno hayo ni mazuri, lakini nayo, kama sabuni, sharti yaonekane. Ninayopendekeza ni machache, na mengi yake hayahitaji bajeti mpya.

La kwanza, ufupishwe mwendo wa karatasi. Na ichapishwe karatasi moja, ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili kinachosomeka, ieleze hatua kwa hatua safari ya sabuni au asali tangu jikoni mpaka kwenye rafu ya duka: uanzie ofisi gani, uchukue nini, ulipe kiasi gani, usubiri siku ngapi. Ibandikwe katika kila ofisi ya sheha, Unguja na Pemba. Anayeandika karatasi hiyo atagundua mwenyewe ni hatua zipi hazina haja.

La pili, mafunzo yafuate maji kupwa na kujaa, yasifuate kalenda ya ofisi. Mama wa mwani hufanya kazi shambani kwake wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana. Mkufunzi akija siku hizo atakuta wazee na watoto, kisha ataandika katika ripoti kwamba mwitikio ulikuwa mdogo. Aje wakati wa maji mafu, akae saa mbili, aache mashine yake mjini, achukue daftari na sabuni ya mama mmoja, wahesabu pamoja mpaka mwisho. Kipimo cha mafunzo kisiwe idadi ya waliohudhuria. Kiwe idadi ya waliouza.

La tatu, tuanze kununua sisi wenyewe. Skuli zetu, hospitali zetu na ofisi zetu zote hunawa mikono. Kiasi kidogo tu cha manunuzi hayo kikielekezwa kwa vikundi vya vijijini vilivyotimiza ubora, vikundi hivyo vitapata kile ambacho hakuna semina iwezayo kutoa, yaani mnunuzi wa kila mwezi. Na malipo yatoke kwa wakati. Serikali inayochelewa kumlipa muuza sabuni miezi minne humfilisi kwa kumuunga mkono.

La nne, tuzungumze na wenye hoteli kwa adabu na kwa uthabiti. Wengi wao hawakatai bidhaa zetu. Hukataa kukatika kwake. Tukiwapelekea vikundi vilivyojipanga, wengi watakubali. Na wanapokubali, tuwatangaze, ili wenzao waone haya.

Nakijua kipingamizi kitakachotolewa. Watasema elimu ya masoko ni pana, haiwezi kufinywa ikaingia katika vidole vitano. Nakubali ni pana. Bahari nayo ni pana, lakini mtoto wa Jambiani hajifunzi kuogelea katikati ya mkondo wa Pemba. Hujifunza pwani, maji yakiwa kiunoni. Tumtie kwanza mama yetu katika maji anayoweza kusimama. Mkondo atauvuka baadaye, pengine na wajukuu wake.

Na kwa ndugu zangu wenye bidhaa nzuri ndani ya nyumba zao, neno langu ni hili. Msingoje semina. Leo jioni, baada ya kazi, chukueni daftari mwandike gharama ya kitu kimoja tu. Kesho mwendeeni mtu mmoja tu mnayedhani atakihitaji, mkamuulize anakitaka kiwe vipi. Msione haya, biashara halali haina aibu, na anayekataa leo huenda akanunua mwezi ujao.

Ama sisi wa meza ya mbele, tunadaiwa karatasi moja ya ukurasa mmoja. Bi mkubwa yule bado anaingoja, na sabuni zake hamsini zingali kabatini.